Amana ya Wazigua

Miaka ya 1830, mvua zilipokata Uzigua, nchi ya Wazigua nyuma ya pwani ya Tanga, na maghala yakabaki matupu, watu waliteremka pwani kufuata chakula. Walifika Pangani, Saadani na bandari nyingine ndogo za mwambao, wakakuta majahazi na watu wenye maneno matamu. Simulizi zilizopokewa na vizazi vyao zinasema waliahidiwa kazi na chakula huko waendako. Wakapanda. Majahazi yalikwenda kutia nanga Barawa, Merka na kwingineko katika pwani ya Benadiri, na kazi iliyowangoja ilikuwa ya utumwa, katika mashamba ya nafaka ya bonde la mto Shabelle.

Haitakuwa haki kuwatwisha wenye majahazi dhambi yote. Katika njaa za Uzigua, mwenye shida aliweza kumweka mtoto au ndugu rehani kwa mwenye chakula, kwa makubaliano kwamba atakombolewa mambo yakitengemaa. Wapo waliokombolewa. Wapo pia waliouzwa pwani na yule yule aliyekabidhiwa kuwatunza. Kwa hiyo safari ya baadhi ya watu hao ilianzia nyumbani, kwa mtu anayewafahamu kwa majina, aliyekula nao.

Nimeanza na njaa hiyo kwa sababu tunaposema juu ya kuishi kwa kusudi, siku hizi mifano yetu imekuwa myepesi mno. Mtu alijiwekea malengo, akaamka mapema, akaweka akiba, akajenga, akafanikiwa. Mahubiri yamejaa mifano hiyo, semina zimejaa, na vitabu vinavyopangwa chini kwenye stendi ya Korogwe vinasema hayo hayo. Mimi nataka kuwasimulia watu ambao hawakufika walikokuwa wanakwenda. Walizaa, wakazeeka, wakazikwa ugenini, vizazi kwa vizazi, bila kuiona Handeni, kitovu cha Uzigua yao. Na bado siwajui watu wa Tanga walioishi kwa kusudi kuwapita hao.

Simulizi zao zinamtaja mwanamke mmoja, Wanankhucha, mganga na mwenye maono. Katikati ya karne ya 19 ndiye aliyewakusanya Wazigua waliokuwa watumwa kule Shabelle, akawatoa mashambani, wakashika njia ya kusini. Nia ilikuwa kurudi kwao. Hawakuwa na ramani wala bunduki za kutosha, na pwani yote iliyokuwa mbele yao ilikuwa ya wafanyabiashara wale wale wa watumwa. Walipofika kwenye misitu ya mto Juba, simulizi zinataja tetemeko la ardhi, ambalo Wanankhucha alilisoma kuwa ishara. Wakakaa hapo.

Kila nikiisoma habari hii nasimama kwenye uamuzi huo wa kukaa. Kiongozi aliyewatoa watu utumwani kwa ahadi ya kuwapeleka nyumbani anafika mahali anawaambia tusiendelee. Angeweza kuwaburuta kwa jina la ahadi, wakakamatwa tena njiani na watoto wakauzwa upya. Kuna ukweli ambao kiongozi anautamka akijua utamvunjia heshima, na kwa maoni yangu huo ulikuwa mmojawapo. Nyumbani pakabaki kuwa nyumbani, lakini hawangefika wao.

Msitu waliouchagua haukuwa msitu wa kupendeza. Ulikuwa na mbung'o, na wafugaji wa Kisomali waliuogopa kwa ajili ya ng'ombe wao. Mdudu yule ambaye Handeni imemlaani miaka yote kwa kuua mifugo, kule Juba akawa ngome. Nyuma ya ngome hiyo Wazigua walifyeka, wakalima mahindi na ufuta, wakajenga vijiji, wakawapokea watoro wengine waliofuata: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Eneo lote likaitwa Gosha, yaani msituni, na wenyeji wake wakaitwa kwa jina hilo hilo, mara nyingi kwa dharau.

Waliofika Gosha kutoka makabila mengine, wengi wao, baada ya vizazi viwili au vitatu walikuwa wameacha lugha zao na kuzungumza Kisomali cha kusini. Siwalaumu, ndivyo watu wengi duniani wanavyofanya wakizungukwa. Ila Wazigua hawakuiacha yao. Zaidi ya miaka 150 baada ya majahazi yale, mtoto aliyezaliwa kando ya mto Juba bado aliitwa ndani kula kwa Kizigua. Wataalamu wa lugha waliofika huko waliikuta hai, wakaiandika vitabuni kwa jina la Kimushunguli, jina ambalo limetokana na walivyoitwa na majirani. Walishika pia koo zao, ngoma zao na habari ya Wanankhucha.

Tujaribu kulitazama jambo hili kwa karibu. Hapakuwa na shule iliyofundisha Kizigua kule Somalia, wala redio, wala kitabu cha dini, wala ofisi iliyokitaka. Kizigua hakikumpatia mtu kazi. Kinyume chake, kilimtambulisha kuwa ni mtu wa asili ya utumwa katika nchi iliyokuwa ikiwadharau watu wa asili hiyo. Faida yote ilikuwa upande wa kukiacha. Ili lugha ivuke miaka 150 kwa hali hiyo, ni lazima kila kizazi kiwe na akina mama wanaomsemesha mtoto mchanga kwa lugha hiyo, jioni baada ya jioni, na bibi anayemkatiza mjukuu akichanganya maneno. Hakuna aliyewalipa na hakuna aliyewasimamia. Kila bibi alijua kwamba yeye mwenyewe hatarudi popote.

Hii ndiyo maana ya amana kama walivyotufundisha wazee wetu, Waislamu na Wakristo wa Handeni na Korogwe kwa pamoja. Unapewa kitu kisicho chako ukifikishe kwa mwenyewe. Mwenyewe anaweza kuwa hajazaliwa. Uaminifu wa mwenye amana haupimwi na faida aliyopata akiwa nayo mkononi, na imani yake ni kwamba kuna siku mwenyewe atakuja, hata kama yeye mchukuzi atakuwa kaburini.

Siku yenyewe ilikuja kwa njia mbaya. Januari 1991 serikali ya Siad Barre iliangushwa Mogadishu, na nchi ikagawanyika vipande vya koo zenye silaha. Wakulima wa Gosha walikuwa na chakula ghalani na hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwakinga. Waliporwa na kila kundi lililopita, wakauawa, wanawake wakanajisiwa. Wengi wa waliobaki wakakimbia. Wengi waliingia Kenya na kujikuta Dadaab, wengine Marafa karibu na Malindi. Wengine walipanda majahazi kuja kusini, bahari ile ile iliyowapeleka babu zao kaskazini, wakashukia mwambao wa Kenya na wa Tanga.

Waliofika Tanzania walipelekwa kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, Handeni hiyo hiyo, wakapewa na ardhi ya kulima. Kwenye makaratasi waliandikwa Wasomali wenye asili ya Kibantu. Vijijini jirani hawakuhitaji karatasi. Mzee wa Handeni aliyekuwa hajavuka hata mpaka wa mkoa alimsikia mgeni kutoka Somalia akizungumza, akamwelewa. Maneno mengine yalikuwa ya kizamani, mengine yameingiliwa na Kisomali, lakini koo walizotajiana zilikuwa zinafahamika.

Hebu fikiri jinsi mkimbizi anavyosailiwa. Anaulizwa ametoka wapi, ana uthibitisho gani, nani anamjua. Watu wengi wenye shida hulazimika kutunga. Hawa walikuwa na jibu ambalo haliwezi kughushiwa, na waliokuwa wamewaandalia jibu hilo ni wale bibi wa Juba. Mwaka 2009 wakazi wa Chogo walikuwa wakipokea uraia wa Tanzania, katika wilaya ambayo mababu wa mababu zao waliondoka wakitafuta chakula. Waswahili husema mkataa kwao ni mtumwa. Hawa waliwahi kufanywa watumwa kweli kweli, kwa kamba na kwa bei, na kwao hawakukukataa hata siku moja.

Waliokuwa Kenya hawakupata njia hiyo. Tanzania ilifikiriwa kwanza, kisha Msumbiji, na zote mbili hazikuwezekana. Nchi yetu wakati huo ilikuwa imeelemewa na wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Ndipo Marekani ilipokubali kuwachukua, na kuanzia mwaka 2003 zaidi ya watu 10,000 wa Gosha walisafirishwa huko. Leo kuna nyumba za Lewiston, katika jimbo la Maine, na za Burlington, katika jimbo la Vermont, ambako nje kuna theluji na ndani kuna mama anamwita mwanawe kwa Kizigua. Amana ile ile sasa ina bahari nyingine ya kuvuka.

Nisije nikaeleweka kwamba kuishi kwa kusudi ni lazima kurudi ulikotoka. Ukitoka Handeni ukapita Segera ukaingia Korogwe, utakutana na historia ya upande wa pili. Korogwe imejengwa na reli, iliyofika hapo kutoka Tanga mwaka 1902, na mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake mwaka 1893. Iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaja mashamba ya Ngombezi, Magunga, Hale, Mnyuzi na mengineyo, mpaka mwaka 1964 Tanzania ilipozalisha tani zipatazo 230,000 za singa na kuongoza duniani. Wenyeji wa Uzigua na Bonde hawakutosha, na wengi hawakutaka kazi ile. Wakaletwa manamba, yaani vibarua wa mkataba: Wamakonde, Waha, Wanyamwezi, Wabena, wengine kutoka Rwanda na Burundi, na tangu mwaka 1944 chombo cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU kikawa kinawakusanya kwa maelfu na kuwasafirisha.

Wengi wao hawakurudi. Mkataba uliisha, nauli ikaliwa, mke akapatikana kambini, watoto wakazaliwa. Wajukuu wao ndio wenye Korogwe ya leo, ndio walimu, madereva na wauza mbogamboga wa Manundu, na hakuna anayeweza kuwaambia kwamba hawako kwao. Kusudi la manamba lilikuwa la namna nyingine. Mtu alikuja kutafuta kodi ya kichwa, akaishia kujenga mji.

Kazi yao inafaa kutazamwa na kila anayetaka kuzungumzia uaminifu. Mkata mkonge huingia shambani alfajiri kabla jua halijachoma. Huanza na majani ya chini, hukata kila jani karibu na shina, hufyeka mwiba wa nchani, huhesabu majani 30, hufunga tita. Matita hupangwa, nyapara huyahesabu, halafu mzigo huenda kwenye mashine ya korona kusagwa. Nyapara anahesabu matita. Hawezi kufungua kila tita na kuhesabu majani yaliyomo. Mwenye kutia majani 26, au kuficha mafupi katikati, hajulikani kwa urahisi. Upande wa pili kulikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mfanyakazi alilipwa siku hizo zilipotimia. Nyapara aliyekataa kuandika siku moja alimpokonya mtu jasho lake, na mtu asiyejua kusoma hakuwa na la kufanya. Uchumi wote uliowahi kuongoza duniani ulikalia mikono miwili, unaofunga tita na unaoandika kadi. Kuna wazee katika kambi za mkonge ambao sifa wanayopewa msibani mpaka leo ni kwamba matita yao yalikuwa kamili. Nikisikia sifa hiyo huwa naona marehemu ameagwa kwa heshima kubwa kuliko aliyesomewa orodha ya vyeo.

Na hapa niseme linaloniuma. Uongo uliowapandisha watu jahazini haujaisha. Umebadilisha chombo tu. Ingia kijiji chochote cha Handeni au Korogwe mwaka ambao mahindi yamekauka yakiwa magotini, utakuta mgeni amekaa kwenye kigoda amepewa maji ya kunywa. Mazungumzo yanafahamika.

"Dada, huyu mwanao amemaliza la saba, amekaa tu. Mimi mjini nina watu wazuri, wacha Mungu. Nauli juu yangu."

"Na shule ya ushonaji uliyosema, shangazi?"

"Atasomeshwa, mwanangu. Akishazoea kazi kidogo."

Anayeitwa shangazi mara nyingi ni shangazi kweli, au jirani, au mtu wa jumuiya moja kanisani, au wa msikiti mmoja. Mtoto anapanda basi pale Mkata au Segera. Wengine wanapata kazi za kawaida kwa watu wenye utu, na hilo ni lazima lisemwe. Wengine wanafungiwa, wanapigwa, mshahara unaliwa na dalali. Waliovuka hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba baadhi yao wamenyang'anywa pasipoti na kufanyishwa kazi usiku na mchana. Shirika la Human Rights Watch liliandika ripoti nzima mwaka 2017 juu ya wasichana wa Kitanzania walioko huko. Nchi yetu ina sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008. Sheria hiyo ni nzuri, lakini haikai kwenye kigoda kijijini. Anayekaa pale ni shangazi.

Hii ndiyo sababu sipendi kuuona uaminifu ukizungumzwa kana kwamba ni tabia nzuri ya mtu binafsi, kitu cha kumpendezesha mbele za watu. Katika Uzigua, historia imeonyesha bei yake kwa uwazi usiopatikana sehemu nyingi. Kila mara ukame unapokuja, watu walioko hatarini wanategemea neno la mtu mmoja mwenye chakula au mwenye nauli. Zamani wapo wakubwa wa vijiji waliotunza nafaka ghalani kwa ajili ya mwaka mbaya, na watu waliwafuata kwa sababu hiyo. Mwanahistoria James Giblin, aliyeitafiti Handeni kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi utaratibu huo ulivyodhoofishwa na kodi na biashara za enzi za ukoloni, na jinsi njaa zilivyozidi kuwa kali baada yake, miaka ya 1890, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na tena miaka ya 1930. Ukame ulikuwapo siku zote. Kilichoongezeka ni watu kukosa wa kumkimbilia.

Imani nayo naiona hapo. Wazigua wa Juba walisilimu kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20, huku wenzao waliobaki nyumbani wakigawanyika kati ya msikiti na misheni, Mandera kwa Wakatoliki tangu mwaka 1881, Kideleko na kwingineko kwa Waanglikana. Familia nyingi za Handeni zina Ramadhani na Petro ndani ya nyumba moja, na wote wawili huchimba kaburi moja akifa baba. Watu waliotenganishwa na bahari, kisha na dini, walipokutana Mkuyu hawakuanza kwa kuulizana kitabu. Waliulizana ukoo. Siamini kwamba hilo linapunguza imani ya mtu. Mwenye kumcha Mungu hutambuliwa na alivyomshughulikia aliyekabidhiwa kwake, na katika habari hii waliokabidhiwa ni watoto, wakimbizi, na maneno ya marehemu.

Ila ushindi huu una ufa. Watoto wa Chogo wanasoma shule za Kiswahili kama watoto wote wa Tanzania, na ni haki yao. Wanacheza na wenzao wa vijiji jirani, ambao wengi humjibu bibi kwa Kiswahili hata akiwasemesha Kizigua. Lugha iliyohimili dharau ya Somalia, utumwa, vita na kambi, imefika nyumbani na kukuta nyumbani wanaiacha pole pole, bila mtu kuwalazimisha. Kiswahili chenyewe, ninachokiandikia na ninachokipenda, ndicho kinachoimeza. Sina jawabu rahisi la hilo.

Ninachojua ni kwamba wazee waliotoka Juba wakiwa watu wazima sasa wamesogea umri, na kila msiba Chogo unaondoka na sehemu ya habari ya Wanankhucha, majina ya vijiji vya Gosha, nyimbo na koo. Watafiti wa nje wamekwisha kuandika mengi, kwa Kiingereza na Kiitaliano, na vitabu vyao havipatikani Handeni. Kuna shule za sekondari wilayani zenye vijana wanaoelewa Kizigua na wenye simu zinazorekodi sauti. Kuna maofisa utamaduni katika halmashauri za Handeni na Korogwe. Kuna misikiti na parokia ambazo wazee hao huhudhuria kila wiki. Mwalimu mmoja wa historia, darasa moja na ruhusa ya wazee vinatosha kuanza, na kazi hiyo inawezekana ikafanywa muhula huu, kabla mvua za vuli hazijawapeleka wazee mashambani.